Mboga za Noeli Huandaliwa na Wawili



Noeli inakaribia, na katika mitaa yetu ya Eastlands dalili zake huonekana mapema. Kando ya barabara ya Jogoo watu hupita wamebeba mizigo. Magari ya kwenda mashambani hujaa na nauli hupanda. Hata hivyo, si kila mtu husafiri. Wengi hubaki hapa hapa Umoja, Kayole, Dandora, Jericho na Buruburu, na mara nyingi hao waliobaki ndio wanaopokea wageni. Kaka hutoka Kariobangi na familia yake, dada hutoka Embakasi, na mama mzazi huletwa kutoka mashambani aone wajukuu.

Katika ukurasa huu wa ndoa tumezoea kuzungumza juu ya uaminifu, malezi ya watoto na matumizi ya fedha. Leo tutazungumza juu ya kabichi, sukuma wiki, minji na managu. Usicheke, msomaji. Ndoa nyingi haziumizwi na mambo makubwa. Huumizwa na mambo madogo yanayorudi kila mwaka bila mtu kuyatengeneza.

Asubuhi ya Noeli katika nyumba moja

Hebu tuingie katika nyumba moja ya mfano huko Umoja. Wenye nyumba tuwaite Baba Stella na Mama Stella. Ni saa tatu ya asubuhi, tarehe 25 Desemba. Wageni tisa wanatarajiwa saa saba. Baba Stella amevaa shati jipya na anawatoa watoto watatu kwenda Misa. Akiwa mlangoni anaita, "Mama Stella, bado tu?"

Mama Stella yuko jikoni, amejifunga leso kiunoni. Mbele yake kuna kabichi tatu nzima, beseni la viazi vyenye udongo, kilo mbili za minji ambazo bado ziko ndani ya maganda, mafungu manne ya managu, nyanya, vitunguu na dania. Nyama iko motoni na inahitaji kugeuzwa. Anajibu bila kuinua macho, "Nendeni tu. Mtaniombea."

Huu ni mwaka wa nne mfululizo anajibu hivyo.

Chakula kinafika mezani saa tisa. Kabichi imelainika mno kwa sababu ilisahauliwa motoni. Managu ina mchanga kwa sababu iliosha mara moja mtu mwenye haraka. Kachumbari inaogelea katika maji yake. Wageni wanasifu nyama. Shemeji anauliza, "Mama Stella, huji kula nasi?" Anajibu kwamba ameshiba moshi. Kisha anaketi kwenye kigoda jikoni, peke yake, siku ya kuzaliwa kwa Bwana.

Jioni wageni wanapoondoka, Baba Stella anatamka neno moja: "Leo umeniaibisha mbele ya kaka yangu." Hapo maneno ya miaka minne yanamwagika yote. Wanalala kila mmoja akiangalia ukuta wake, na Stella, mwenye miaka kumi, amesikia kila kitu.

Wapendwa, tuulizane: kosa ni la nani? Wengine watasema ni la mke aliyechelewa. Wengine watasema ni la mume asiyesaidia. Sisi tunasema kosa lilianza kabla ya siku yenyewe, walipokuwa wote wawili nyumbani jioni ya tarehe 24, wakatazama zile kabichi sakafuni wakasema, "Hizo ni za kesho."

Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku hiyo iliumiza matumbo ya wageni na mioyo ya wenyeji pia.

Kwa nini mboga hasa?

Labda utauliza kwa nini tunasema mboga na si nyama. Sababu ni rahisi. Nyama ni kitu kimoja. Inakatwa, inawekwa motoni, na moto unafanya kazi. Hata kuchoma nyama kuna heshima yake. Wanaume husimama kuizunguka wakipiga hadithi. Lakini mboga za sikukuu ni aina sita au saba, na kila aina inataka kuchambuliwa, kuoshwa na kukatwa kabla haijaona moto. Hiyo ni kazi ya mikono isiyo na sifa. Hakuna mgeni anayesema, "Hongera kwa kuambua minji."

Jihesabie mwenyewe. Keti uambue kilo mbili za minji ukiwa peke yako. Chambua mafungu manne ya managu, jani kwa jani. Menya viazi vya watu kumi na wanne. Kata kabichi tatu nyembamba nyembamba. Utaona kwamba asubuhi nzima imekwisha na hujawasha moto. Basi anayeachiwa kazi hiyo yote asubuhi ya Noeli amenyimwa Misa, amenyimwa wageni na amenyimwa sikukuu yenyewe.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji kufanywa siku hiyo. Inaweza kufanywa jioni mbili zilizotangulia, na watu wawili wakiwa wameketi wanazungumza.

Nyumba ya Bethania

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, tunasoma habari za Marta na Maria. Marta anahangaika na utumishi, Maria ameketi miguuni pa Bwana. Mara nyingi habari hii imetumiwa kuwakemea akina mama: "Usiwe kama Marta!" Lakini anayesema hivyo mara nyingi ni yule yule anayengojea chakula.

Fungua sasa Injili ya Yohane, sura ya 12. Tuko Bethania tena, siku sita kabla ya Pasaka, na Yesu ameandaliwa karamu. Marta bado anahudumia. Na kaka yao Lazaro? Yohane anatuambia kwamba alikuwa miongoni mwa walioketi mezani. Lazaro alikuwa na udhuru mzuri; alikuwa ametoka kaburini. Wewe mume wa Eastlands, udhuru wako ni upi?

Tunasema hivyo kwa upendo. Bwana hakumwambia Marta kwamba chakula si kitu. Alimhurumia kwa sababu ya mahangaiko mengi. Dawa ya mahangaiko mengi ni kuyagawa na kuyaanza mapema. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatua ya kwanza: chagueni Misa, kisha andikeni orodha

Siku nne au tano kabla ya Noeli, watoto wakishalala, kaeni chini wawili na kalamu. Swali la kwanza lisiwe "Tutapika nini?" Liwe "Tutasali Misa gani pamoja?" Mkienda Misa ya mkesha jioni ya tarehe 24, asubuhi yote inabaki kwa jikoni, lakini kazi ya kukata lazima iishe mchana wa tarehe 24. Mkienda Misa ya asubuhi, jioni ya mkesha inabaki kwa kazi ya mikono. Kuchagua Misa ndiko kunakopanga saa za jikoni, wala si kinyume chake.

Swali la pili: wageni ni wangapi, na nani hali nini? Mzee mwenye meno machache atafurahia mukimo laini kuliko minji ya kutafuna. Watoto watakimbilia karoti.

Swali la tatu: fedha ni kiasi gani? Semeni ukweli. Ni afadhali mboga tatu zilizopikwa vizuri kuliko saba zilizokopwa kwa jirani. Vitu visivyoharibika upesi mvinunue mapema, kabla watu hawajajaa Muthurwa na bei kupanda: vitunguu, viazi, karoti, kabichi nzima, saumu, tangawizi, ndimu, maharagwe na mahindi makavu. Majani na dania yangojee tarehe 24. Nyanya chagueni zilizo ngumu kidogo, ziive nyumbani bila kupondeka.

Hatua ya pili: jioni ya tarehe 23

Jioni hii ni ya kazi kavu, kazi ambayo hata ikikaa haiharibiki.

Ambueni minji. Hii ndiyo kazi bora ya mume na mke kuliko zote, kwa sababu mikono inafanya na midomo iko huru. Wekeni karai katikati yenu. Minji iliyoambuliwa iwekwe mahali pa baridi, ikiwa imefunikwa.

Chambueni mchele na maharagwe, mkitoa mawe. Anayevunja jino siku ya Noeli hasahau nyumba hiyo. Osheni mitungi na kuijaza maji. Katika mitaa yetu mingi maji hutoka kwa zamu, na mboga za majani hunywa maji mengi kwa kuoshwa. Msingoje mfereji ukauke asubuhi ya sikukuu.

Noeni visu. Kisu butu huponda majani, na majani yaliyopondwa hubadilika rangi upesi. Tena kisu butu huteleza na kukata kidole.

Hatua ya tatu: tarehe 24

Hii ndiyo siku yenyewe ya kazi. Tuchukue mboga moja moja.

*Sukuma wiki na spinachi.* Osheni majani yakiwa mazima, kamwe si baada ya kukatwa. Jani likikatwa kisha likaoshwa, sehemu ya vitamini C huenda na maji. Osheni mara tatu, hasa kama hamjui shamba lilinyweshwa maji gani. Kung'uteni maji, yaacheni yakauke juu ya chujio, kisha yafungeni katika kitambaa safi na kuyaweka mahali pa baridi. Majani mabichi yanayowekwa yakiwa yameloa huoza. Yakatwe asubuhi, karibu na kupika.

*Managu, saga, kunde na terere.* Chambueni jioni hii. Mashina magumu yatolewe, na mchanga uoshwe mpaka maji yabaki meupe. Mboga hizi za kienyeji zina faida ya pekee: nyingi huwa tamu zaidi zikichemshwa kwanza, zikatulia, kisha zikapikwa tena kwa maziwa, kama wapishi wa Magharibi na Nyanza wanavyojua. Kama mna friji, zichemsheni leo, zipoe upesi katika sufuria pana, zifunikwe na kuwekwa ndani. Maziwa mtayatia kesho. Wala msizione aibu mbele ya wageni mkidhani ni mboga za wasio na kitu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzichunguza na kuonyesha ubora wake kwa lishe.

*Kabichi.* Inaweza kukatwa jioni. Toeni majani ya nje, osheni, kateni nyembamba, wekeni katika bakuli lenye kifuniko. Msitie chumvi usiku, maana chumvi huvuta maji na asubuhi mtakuta imelegea.

*Karoti na mishiri.* Menyeni, kateni, funikeni. Mkitaka rangi isififie, zitumbukizeni katika maji yanayochemka kwa dakika mbili tu, kisha mara moja katika maji baridi, mzichuje vizuri na kuziweka ndani ya friji. Kesho zitahitaji mafuta kidogo na dakika chache.

*Viazi.* Kiazi kilichomenywa kikiachwa hewani huwa cheusi. Kwa hiyo kikimenywa jioni lazima kizame chote ndani ya maji baridi, ndani ya friji. Kama hamna friji, viosheni tu leo na kuvimenya asubuhi. Kiazi kilichogeuka kijani kisipikwe.

*Maharagwe na mahindi ya mukimo.* Vilowekeni usiku mzima. Asubuhi mwageni maji hayo na kuchemsha kwa maji mapya. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoondolewa na moto. Yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, kisha yaendelee mpaka yaive kabisa. Kuyaacha yakipata joto dogo tu bila kuchemka ni hatari.

*Vitunguu vya pilau.* Vikateni na kuvikaanga jioni hii mpaka viwe kahawia. Vichujeni mafuta na kuviweka katika chombo kikavu chenye kifuniko. Kesho pilau itachukua nusu ya kazi, na nguo zenu za Misa hazitanuka vitunguu.

*Saumu na tangawizi.* Zipondeni jioni, zifunikeni mahali pa baridi, zitumieni asubuhi. Msiziloweke katika mafuta na kuziacha nje kwa siku nyingi, maana saumu ndani ya mafuta yasiyo baridi inaweza kuzaa sumu.

*Kachumbari.* Hii ndiyo mboga inayokataa haraka. Vitunguu tu vinaweza kukatwa mapema asubuhi na kuoshwa kwa maji ya chumvi ili ukali upungue. Nyanya zikatwe wageni wakiwa wameshafika, na chumvi na ndimu zitiwe mwisho kabisa. Dania ikae usiku na mashina yake ndani ya gilasi ya maji kama maua.

Nyumba isiyo na friji

Tunajua jikoni zetu hazilingani. Kuna jikoni ya Buruburu yenye kabati na friji, na kuna chumba kimoja huko Dandora ambapo jikoni ni pembe iliyo nyuma ya pazia. Somo hili ni la wote wawili.

Kama huna friji, shika kanuni moja: usiku uache mboga ikiwa mbichi, usiiache ikiwa imepikwa. Chambua, osha, kausha, funika. Moto ungojee asubuhi. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Sikukuu nyingi zimeishia katika kuhara kwa sababu ya sufuria iliyolala juu ya meza.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi hata mwezi wa Desemba. Utumie ubaridi huo. Weka mboga mbali na jiko na mbali na bati linalopata jua la asubuhi. Beseni la mboga likae ndani ya beseni kubwa lenye maji kidogo, lifunikwe kwa kitambaa kilicholoa ambacho ncha zake zimegusa maji. Maji yanapokauka kwenye kitambaa hubeba joto na kuondoka nalo. Kwa njia ya namna hiyo hiyo mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alijulikana. Aliweka chungu ndani ya chungu na mchanga uliolowa katikati, na katika majaribio yake mabilinganya yalikaa siku 27 badala ya siku tatu. Ninyi mnataka usiku mmoja tu.

Zamani wengi wetu tulifunga mboga zilizokatwa ndani ya juala. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo imepigwa marufuku nchini Kenya, na kwa mboga hatujapoteza kitu. Ndani ya juala majani hutoka jasho na kuoza. Kitambaa safi kinafaa zaidi.

Mambo mawili ya mwisho juu ya usalama. Ubao na kisu cha nyama mbichi visikate kachumbari, maana kachumbari haipiti motoni. Na jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa watu wakilala, hata kama mmechoka namna gani. Moshi wake usioonekana huua.

Mkono wa mume

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Mume mmoja atasema, "Kwetu mwanamume haketi na beseni la mboga." Ndugu yangu, tunaheshimu mila. Lakini mila hiyo ilikua katika boma ambalo mke alikuwa na mama mkwe, mashemeji na wake za kaka, wote wakichambua pamoja. Hapa Kayole, ghorofa ya tatu, yuko peke yake. Ukichukua sheria ya boma bila mikono ya boma, umemtwika mtu mmoja mzigo wa watu sita.

Kama mama yako mzazi yuko nyumbani na unaogopa atasema mke wako amekutawala, usimwachie mke wako mashtaka hayo. Zungumza wewe kwanza: "Mama, jioni hii namsaidia mama watoto ili kesho twende Misa sote." Likitoka kinywani mwako, litapokelewa. Likitoka kinywani mwa mke, litakuwa kesi. Na mpe mama minji aambue, atafurahi kuulizwa.

Nawe mke, una sehemu yako. Mume akikata kabichi nene kama vijiti, usimnyang'anye kisu wala usimcheke mbele ya watoto. Mwonyeshe mara moja, kisha mwache. Kabichi nene italiwa. Mwanamume aliyechekwa jikoni harudi. Tena usifiche kazi halafu ukasirike kwamba haijaonekana. Sema wazi: "Baba Stella, nakuomba umenye karoti hizi." Wanaume wengi si wakaidi, hawajui waanzie wapi.

Kama mume analinda lango usiku, au anaendesha matatu, au mke ni muuguzi wa zamu, basi gawaneni kwa kazi badala ya saa. Mmoja aende sokoni na kujaza maji, mwingine achambue. Hata aliye kazini usiku wa mkesha anaweza kuwa ameacha minji imeambuliwa.

Watoto nao washiriki, wavulana kwa wasichana. Kijana anayemwona baba yake akichambua managu hatamtesa mke wake kesho kutwa. Na kama mna msichana wa kazi, msifikiri kwamba mmemaliza somo hili kwa kumwachia yeye beseni lote. Naye ana Noeli yake na Misa yake.

Maneno matatu

Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwakumbusha wanandoa maneno matatu ya kila siku: tafadhali, asante, samahani. Yote matatu yana nafasi yake kando ya beseni la mboga. Tafadhali, unapoomba msaada. Asante, hata kwa kazi ambayo wageni hawatailiona jina lake. Samahani, kwa Noeli zile zilizopita ambazo mmoja alibaki nyuma na mwingine hakugeuka kumtazama.

Turudi Umoja, mwaka mmoja baadaye. Ni usiku wa tarehe 24. Baba Stella ameketi kwenye kigoda kile kile, karai katikati ya miguu, na kidole gumba kimekuwa kijani kwa maganda. Mama Stella anakaanga vitunguu. Wanazungumza juu ya karo ya Januari, kisha juu ya siku walipokutana, kisha wananyamaza tu. Asubuhi mlango unafungwa nyuma ya watu watano, si wanne. Saa saba na nusu chakula kiko mezani, na mama wa nyumba ameketi kando ya mumewe. Kabichi ni nene kidogo. Hakuna aliyeuliza.

Maswali ya kujadili, mume na mke

1. Noeli iliyopita, nani katika nyumba yetu hakuenda Misa au hakukaa mezani? Kwa nini?
2. Ni kazi gani tatu za mboga tunazoweza kuzimaliza kabla ya siku ya sikukuu?
3. Mume: ni kazi gani moja utakayoichukua iwe yako kila mwaka? Mke: uko tayari kuiacha ifanywe kwa namna yake?
4. Watoto wetu wanajifunza nini juu ya ndoa wanapotutazama jikoni?

Zoezi. Msingoje Noeli ndipo mjaribu. Jumamosi hii jioni andaeni pamoja mboga za Jumapili. Kisha, siku ya sikukuu ya Familia Takatifu inayokuja baada ya Noeli, ulizaneni mambo yalikwendaje.

Tunawatakia ninyi na nyumba zenu Noeli ya amani.